Unyevu Ulihamia kwa Bibi

Chumba nilichopanga Mtoni kilikuwa na ukuta mmoja mgonjwa. Kuta tatu zilikuwa nzima. Wa nne, ambao ndio pekee kitanda kiliweza kuuegemea bila kuziba mlango, ulilowa kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno changu, mvua inyeshe isinyeshe. Masika uliota ukungu mweusi wa madoadoa. Kiangazi ulitema unga mweupe wa chumvi uliodondokea kwenye shuka, nami kila asubuhi nilikung'uta kitanda kwanza ndipo nikasali.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Njombe, na Dar es Salaam nililetwa na barua ya uhamisho. Kwetu baridi ni kali lakini nyumba ni kavu, maana tofali zimechomwa na moto wa jikoni hauzimwi. Sikuwa nimewahi kuishi na ukuta unaotoka jasho. Viatu vyangu vya kanisani viliota manyoya ya kijani ndani ya wiki mbili. Maandalio ya masomo yalijikunja pembe. Blauzi nilizipiga pasi mara mbili na bado zilitoka na harufu ya stoo. Siku moja mtoto wa darasa la pili, niliyekuwa nimemwinamia kumsahihishia daftari, aliniuliza kwa upole kabisa kama nyumbani kwangu tunafuga panya. Sikumgombeza. Nilikwenda ofisini nikanusa mikono ya blauzi yangu, na aibu niliyoiona siku hiyo bado naikumbuka.

Kuhama sikutaka. Shule ilikuwa karibu kiasi cha kwenda kwa miguu, wapangaji wenzangu walikuwa watu wa amani, na mwenye nyumba sikuwa na neno naye. Alikuwa mjane mzee, wa ukoo wa Waarabu wa Pangani, ambaye yeye na mumewe waliendesha duka la rejareja mtaani hapo mpaka mume alipofariki. Sote tulimwita Bibi. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, na chumba chake kilipakana na changu. Kwa hiyo ule ukuta mgonjwa ulikuwa wetu sote wawili, ila upande wake haukuwa na hali mbaya kama wangu.

Nilimweleza mapema, asubuhi moja nikiwa natoka kwenda kazini, naye amekaa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwalimu. Umeamkaje?"

"Nimeamka na chumvi mdomoni. Ule ukuta, Bibi."

Alicheka bila kuacha kuchambua. Akaniambia marehemu mumewe alifyatua zile tofali mwenyewe, kwa mchanga wa ufukweni, kama wengi walivyofanya siku hizo, na mchanga wa pwani haukauki moyo. Chumvi iliyomo huita maji kutoka ardhini, na Mtoni maji hayako mbali. Dawa yake ilikuwa moja tu. Kila mwaka, mwezi wa mlisho, kabla ya mfungo, nyumba nzima inapakwa chokaa.

"Saruji usiuwekee," alisema. "Ukuta ule unapumua, mwalimu. Marehemu aliniusia, ukiuziba pua huku utatafuta pa kutolea pumzi kule. Fungua dirisha, sogeza kitanda kidogo, uvumilie."

Nilisema sawa Bibi, na moyoni nikasema huyu mama hataki kurekebisha nyumba yake. Ndivyo nilivyokuwa. Sisi wa bara tukifika pwani tunadhani kila kilicholegea kimelegea kwa uvivu wa watu, na kwamba hakuna tatizo linaloishinda saruji. Chokaa nilikuwa nikiiona ni kitu cha kupaka mashina ya miti shuleni rais akipita. Darasani nilikuwa nikiwakaririsha watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na jioni nikirudi kwenye ukuta wangu niliona nadharauliwa na methali yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili pale, kiangazi, Bibi alisafiri kwenda Pangani kumuuguza dada yake. Aliniachia ufunguo wa chumba chake, nimwagilie maua yake ya kopo. Alipoondoka tu nilimpigia simu fundi mmoja wa kwetu, tuliyekuwa tukiimba naye kwaya. Alikuja na nyundo, akaugonga ule ukuta hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Chini hawakuweka hata nailoni ya kuzuia maji," alisema. "Sie kwetu ukuta hatuubembelezi."

Tulikwangua plasta ya zamani mpaka tofali ikaonekana, nyeusi na yenye majimaji. Akapiga plasta mpya ya saruji nzito iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, ikakauka siku kadhaa, kisha rangi ya mafuta mara mbili, nyeupe ya maziwa. Mpangaji wa chumba cha mbele alipouliza kelele za nini, nilimwambia natengeneza swichi. Kazi ilipoisha ukuta uling'aa hata nikauona uso wangu kwa mbali. Nilimpikia fundi ugali na maharage, akala akiutazama kwa fahari, na mimi pia.

Siri haikuwa ngumu kuitunza. Bibi alikuwa na desturi ya kutoingia chumba cha mpangaji. Akiwa na shida husimama nje ya pazia, anabisha hodi, anazungumza na pazia. Aliporudi kutoka Pangani aliniletea nazi na samaki mkavu, akaniuliza habari za ukuta kupitia pazia, nikamjibu kuwa afadhali. Ilikuwa kweli kwa namna fulani. Vuli nzima nililala kwenye shuka safi, viatu vikakaa na rangi yake. Shuleni nilijisifu, na walimu wawili waliniomba namba ya fundi.

Mwezi wa mlisho ulipofika nilipata kazi ya kusema uongo wa pili. Wapakaji chokaa walianza uani wakaja ndani chumba kwa chumba. Nilimwahi Bibi. Nilimwambia nina daftari nyingi za mitihani chumbani, sipendi zichafuke, nitapaka mwenyewe siku ya mapumziko. Akafurahi kwamba mtu wa bara ameipenda chokaa. Aliagiza nikorogewe ndoo nzima, na brashi mpya juu yake. Niliisukuma ile ndoo chini ya kitanda, nikaisahau mpaka ikagandamana.

Halafu mfungo ukapita, Idi ikapita, masika yakaja. Yalikuja kwa nguvu na maji yakasimama uani siku nyingi. Ukuta wangu haukutoa hata tone. Nilipitisha kiganja juu yake kila asubuhi nikausikia ulivyo mkavu, nikamsifu Mungu na fundi.

Jumamosi moja asubuhi Bibi alibisha pazia langu.

"Mwalimu, njoo unisaidie kushusha sanduku. Magoti hayanisikii, na kule ndani kuna harufu siielewi."

Sikuwa nimeingia chumbani kwake tangu yale maua ya kopo. Harufu niliipokea mlangoni. Niliijua, ilikuwa ya kwangu ya zamani. Ukuta wa upande wake ulikuwa umelowa kupita kimo changu, chokaa ya mlisho imebanduka magamba magamba, na ukungu umetambaa mpaka nyuma ya kitanda. Mguuni mwa kitanda, limeegemezwa ukutani palepale juu ya kigoda, lilikuwepo sanduku la mbao lenye kufuli dogo.

Tulilishusha. Kitako cha sanduku kilikuwa chepechepe. Bibi alieleza, huku akitafuta ufunguo kwenye pindo la kanga, kwamba sanduku hilo hulifungua Ijumaa moja kila mwezi, akakitoa kilichomo, akakifukiza udi, akakirudisha. Tangu mfungo uanze magoti yamemzuia kuinama, naye hakutaka kumwomba mtu. Nilikumbuka kwamba harufu ya udi ile nilikuwa nikiisikia kupitia ukutani, na kweli ilikuwa muda sijaisikia.

Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe cha pamba, kimekunjwa vipande kadhaa, pamoja na furushi la pamba, karafuu maiti ndani ya karatasi na kichupa cha marashi. Bibi aliinua kipande cha juu akakifunua kwenye mwanga wa dirisha. Madoa meusi yalikuwa yamekitapakaa, yaleyale ya madoadoa.

"Ni mashuka ya harusi, Bibi?" niliuliza.

"Ni sanda yangu," alisema.

Sikujua niweke wapi mikono. Kwetu mtu hujiandalia shamba la kuzikwa, au huacha maneno na wanawe, lakini sanda hununuliwa msibani. Yeye alinieleza kama anayeeleza habari ya sufuria. Mumewe alipokwenda Hija alirudi na sanda mbili, yake na ya mkewe, vipande vitatu vya mwanamume na vitano vya mwanamke, ameziosha mwenyewe kwa maji ya Zamzam na kuzianika kule kule. Yake alizikwa nayo. Hii ya mkewe ilikuwa imekaa ikimsubiri miaka yote, nyeupe, inanukia.

"Ajabu ya ukuta huu," alisema. "Haukuwa hivi hata siku moja."

Nilijibu kwamba mvua za mwaka huu ni kubwa. Mimi, ninayewasimamisha watoto mbele ya darasa kwa kusema uongo, nilitoa neno hilo bila kupepesa macho, nikamsaidia kutandaza vipande vyote vitano juu ya kitanda, nikatoka. Chumbani kwangu nilikaa kwenye kigoda nikautazama ule ukuta wa rangi ya maziwa. Ulikuwa mzuri. Niliuchukia, na nilijichukia zaidi. Maji yalikuwa na pande mbili za kutokea, mimi nimeziba moja, na mwanamke mzee amelala upande wa pili akiyapokea yote na sanda yake.

Siku ya pili, Jumapili, nilirudi kutoka kanisani bila kukumbuka mahubiri. Niliivuta ile ndoo ya chokaa chini ya kitanda, ikiwa ngumu na brashi imekwama ndani, nikaibeba mpaka barazani alipokaa, nikaitua mbele ya miguu yake.

"Sikuupaka," nilisema. "Ulipokuwa Pangani niliupiga saruji na rangi ya mafuta. Maji yalikuja kwako kwa sababu yangu."

Aliivuta ile brashi, haikutoka.

"Nilikukataza?"

"Ulinikataza, Bibi."

"Nilikuachia ufunguo wa chumba changu," alisema. "Na wewe ukanifungia chako."

Akaegemea mlango, akasimama kwa taabu, akaingia ndani. Jioni nilibisha kwake na uji wa moto, hakufungua.

Siku tatu hakuitikia shikamoo yangu. Asiyekulia kwenye lugha hii hawezi kujua uzito wake. Mtu anaweza kugombana nawe, akakutukana, akakudai, na bado shikamoo akaitikia, kwa sababu kuitikia hakumgharimu kitu. Nilimwamkia asubuhi na jioni, mbele ya wapangaji wenzangu, na salamu yangu ikabaki hewani, kila mtu akijifanya anatazama kwingine. Nilianza kuulizia vyumba mitaa ya jirani. Nilimpigia na fundi nikamweleza, akasema kwa sauti ndogo kwamba anasikitika, ila plasta yenyewe ilikuwa imekaa vizuri.

Siku ya nne, nikiwa nasahihisha daftari, nilisikia hodi kwenye pazia. Halafu pazia likafunguliwa. Bibi aliingia, kwa mara ya kwanza, akasimama katikati ya chumba akautazama ukuta kutoka chini hadi juu. Akaupapasa kwa kiganja kama nilivyozoea kuupapasa.

"Mkavu," alisema.

"Mkavu, Bibi. Kesho nitaubomoa."

"Usibomoe. Ukigonga gonga na mvua hizi utatuangushia nyumba. Ngoja jua." Kisha akanipa furushi alilokuwa amelibana kwapani. "Utafua wewe. Mie mikono haina nguvu tena."

Nilibaki nimelishika. Nilimwambia mimi si Mwislamu, ni Mlutheri, labda si vizuri.

"Kwani unamfulia Mungu?" alisema. "Unanifulia mie."

Nikauliza kuhusu Zamzam, kama sabuni haitaiondoa. Hapo alinitazama kidogo kwa ile jeuri yake ya zamani, nikajua nimeanza kusamehewa.

"Maji hayo hayatolewi na sabuni ya mche, mwalimu."

Nilifua siku tatu, nikivizia jua katikati ya mvua. Nilipaka ndimu na chumvi kwenye madoa, nikaanika kwenye kamba ya uani, nikaloweka tena, nikasuuza kwa maji safi ya kisima cha msikitini aliyoyaagiza yeye. Wapangaji walisogeza nguo zao zote upande mmoja wa kamba bila kuombwa. Bibi alikaa chini ya kamba na fimbo, anafukuza kunguru. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa mazoea, ndoo mkononi, bila kutegemea kitu.

"Marahaba," alisema, akimwangalia kunguru.

Niliingia bafuni nikalia kidogo, kisha nikatoka nikaendelea kusuuza.

Madoa yalitoka karibu yote. Mawili yaligoma, kwenye kipande cha kichwa, madogo ya rangi ya chai. Nilijitolea kutafuta kitambaa kipya, kilekile, na kumtafuta mtu anayekwenda Hija akakioshe. Alikataa.

"Kipya nikitaka nitakipata dukani. Hiki kilitoka mkononi mwake." Akakikunja, doa kwa ndani. "Tena nikikivaa sitajiona."

Sanduku halikurudi chumbani kwake. Alisema upande mkavu ni wangu, na aliyeliharibu ndiye anayejua sasa jinsi ya kulitunza. Wanawe walikuwa mbali, wengine nje ya nchi, na yeye kuinama hawezi. Kwa hiyo likawekwa kwangu, juu ya matofali mawili, mbali na ukuta wowote. Kitanda chake tulikihamishia upande wa dirisha. Jua lilipotulia nilimwita fundi, akabomoa kazi yake mwenyewe, vumbi likimjaa nywele, na mwezi wa mlisho uliofuata nilipaka chokaa pande zote mbili kwa mkono wangu. Unyevu ulirudi kwangu kiasi chake na kwake kiasi chake, kama zamani, nami nikarudia kukung'uta shuka. Ijumaa moja kila mwezi nilifungua sanduku, nikatoa vipande vitano, nikavifukiza udi. Mama mmoja wa kwaya alipokuja kunitembelea alinusa hewa akaniuliza kama nimesilimu.

Tulikaa hivyo miaka minne. Katika miaka hiyo nilikuwa nikijenga kidogo kidogo Chamazi, kwenye kiwanja cha mwinuko chenye mchanga mwekundu. Msingi uliwekewa nailoni, na mchanga wa tofali niliuonja kwa ulimi kabla haujashushwa kwenye lori, mafundi wakacheka mpaka wakakaa chini. Nyumba ilipoezekwa nilikwenda kwa Bibi kuaga, na sanduku nimelibeba mikononi kulirudisha.

Hakulipokea.

"Nyumba yako ina unyevu?" aliuliza.

"Haina, Bibi."

"Basi nenda nalo."

"Chamazi ni mbali. Na nyie mnazika siku hiyohiyo."

"Watakupigia. Namba yako nimewapa wanangu wote, nimewaambia sanda yangu iko kwa mwalimu, wasininunulie nyingine." Akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. "Mambo ya kaburi usijisumbue, lina watu wake. Wewe uje na nguo tu, na isinuke ukungu."

Ninaandika haya nyumbani kwangu Chamazi. Kuta zangu zimepakwa chokaa tupu, na wageni hunishangaa kwa nini sijapaka rangi ya maana. Sanduku liko chumbani kwangu juu ya meza. Sizimi simu. Shuleni, ambako walimu tumekatazwa kuwa na simu darasani, mwalimu mkuu ameniruhusu niwe na yangu, baada ya kumweleza sababu.

Bibi hunipigia mara moja moja, mara nyingi hana shida, anataka tu kujua kama Ijumaa nimefungua. Namba yake inapoonekana kwenye kioo sijui ni nani anayepiga, yeye au mmoja wa wanawe aliyeichukua simu ya mama yake. Huwa nasema shikamoo kabla ya kusema neno lingine, kisha nangoja, roho mkononi. Mpaka leo nimeitikiwa.